Mahari ya Mwihaki

Kinoo,
14 Machi 2004

Ndugu yangu Dan,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima, ila goti la mama limeanza tena ugomvi wake wa kila msimu wa mvua, na ng'ombe amezaa dume, jambo ambalo baba amelichukua kama tusi. Virginia wa kanisani bado anauliza kama umeoa. Nimemwambia umeoa kampuni.

Naandika Kiswahili, si Kikuyu, nawe unijibu hivyo hivyo, kwa sababu barua zako husomwa karakanani wakati wa chai, na fundi Kilonzo hataki kutafsiriwa. Baba naye amekataa habari za simu. Anasema maneno ya mshenga hayapiti kwenye waya, yaandikwe yashikwe kwa mkono. Basi soma polepole, mshenga.

Tangu hao wakubwa zako wa kampuni ya Steynmore wainunue karakana yetu ya magari mwezi wa Septemba, hakuna Mwihaki hata mmoja aliyetoka mlangoni. Magari mawili yamesimama bila boneti, na viti vyake nimevishona mimi vikakaa mpaka ngozi imeanza kushika vumbi. Kibao cha jina la baba pale langoni kimepakwa rangi ya kijivu. Wametuletea meneja, kijana mpole anaitwa Odhiambo, anazunguka karakana ya Karen nzima na futi ya kupimia. Hapimi magari, Dan. Anapima kiwanja.

Huko Johannesburg huenda mtu anasahau, kwa hiyo nikukumbushe baba anawaza nini. Mimi nilizaliwa nikapewa jina la mama yake. Binti wa pili angeitwa Mwihaki, jina la mama yake mama, lakini binti wa pili hakuja. Ndipo lilipotoka gari la kwanza, dogo, viti viwili, wazi juu, linanguruma kama limeonewa, na baba akasema jina haliwezi kukaa bila mwenyewe. Mwihaki wote waliotoka karakana ile ni binti yake mmoja. Kwa hiyo ulipomletea wale mabwana, hakuona wanunuzi. Aliona wakwe.

Ndiyo maana alikataa kutia sahihi mpaka mbuzi achinjwe. Mwenyekiti wenu akakata kiande kwa mkono wake mwenyewe, wamama wa kanisa wakapiga vigelegele, na wewe ukasimama katikati na suti yako ya kijivu kama mshenga aliyeshiba. Sisi tunajua ukishakata bega la mbuzi nyumbani kwa mtu umeoa, na mahari haiishi. Mkwe hurudi, huuliza, hushauriana. Binti hubaki wa kwao hata akiwa kwako. Sasa miezi sita hakuna mkwe aliyekanyaga Kinoo hata kuomba maji.

Swali langu ni moja. Watamtengeneza Mwihaki, au hawatamtengeneza? Nijibu ndiyo au la.

Dada yako,
Nyakio


Johannesburg,
2 Mei 2004

Dada mpendwa Nyakio,

Natumaini mu wazima. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku imeanza mapema. Nimemnunulia mama sweta ya sufu, nitaituma na mtu anayekuja huko. Mpe pole ya goti. Huyo dume msimuuze kwa haraka, bei itapanda Desemba.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nimekuwa na safari nyingi.

Kuhusu karakana, msiwe na wasiwasi. Kila kampuni ikinunuliwa huwa kuna kipindi cha mpito. Makao makuu wanatathmini mambo yote kwa jumla kabla ya kuamua mwelekeo. Nakuhakikishia kwamba jina la Mwihaki linathaminiwa sana huku. Juzi tu lilitajwa kwenye mkutano. Mwambie baba subira huvuta heri.

Lakini pia, dada, tuelewane. Mambo ya mbuzi yalikuwa heshima, na wao waliipokea kama heshima. Mkataba ni kitu kingine. Mimi nilikuwa daraja tu kati ya pande mbili, na mjumbe hauawi.

Ndugu yako,
Dan

N.B. Afadhali barua hii isisomwe karakanani.


Kinoo,
23 Mei 2004

Dan,

Sisi wazima. Sweta imefika, mama anaivaa hata jikoni. Anasema ina harufu ya duka la matajiri, na hataki ifuliwe.

Barua yako niliisoma karakanani. Hiyo N.B. nilikutana nayo mwisho, nikiwa nimeshasoma yote kwa sauti. Kilonzo alicheka mpaka akakohoa. Usijali, hakuna barua yako nyingine itakayosomwa pale, kwa sababu Ijumaa iliyofuata walituachisha kazi sote. Odhiambo alitupanga foleni akatupa bahasha na soda. Kilonzo, aliyeanza na baba wakiwa na nyundo na shoka tu, alipewa soda ya machungwa. Sasa anatengeneza milango kwenye kibanda cha mafundi wa jua kali hapa barabarani.

Baba alivaa koti lake la harusi akaniambia twende mjini, ofisini kwenu Loita Street. Nilijaribu kumzuia, lakini unamjua. Pale mapokezi kulikuwa na msichana mmoja, kucha nyekundu, mwenye adabu zake.

"Sasa mzee, nikusaidie aje?"

"Nimekuja kuuliza hali ya binti yangu," baba akamwambia. "Anaitwa Mwihaki."

"Mwihaki wa department gani?"

"Wa Karen."

Akabonyeza bonyeza kompyuta. "Mimi sioni Mwihaki kwa system, mzee. Ama alikuwa casual? Juu wale wa Karen contract zao ziliisha."

"Yake iliisha lini?"

Nikaona haya, nikaingilia. Nikamwambia si mtu, ni gari. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Ooh, gari! Hiyo model ilistopishwa kitambo, mamaa. Tangu mwaka jana. Hamkuambiwa?"

Hivyo ndivyo baba alivyopata jibu la swali nililokuuliza wewe. Lilikuwa neno moja, Dan, na msichana wa mapokezi alikuwa nalo. Wewe uliyekaa mkutanoni jina likitajwa ukaniandikia habari za subira.

Tulipofika Kangemi baba akafungua mdomo. Hakukulaani. Alisema kama mwenye mke hamtaki, si aibu, hutokea. Kuna njia yake. Mshenga aliyemuoza binti ndiye anayekwenda kumchukua, na baba mtu anarudisha mbuzi. Basi. Hataki karakana. Hataki kiwanja wala hizo hisa zenu. Anataka kalibu.

Unaijua kalibu. Kilonzo aliichonga kwa mbao ya mvule kabla hujaota meno, umbo zima la gari, na kila bati la Mwihaki limegongwa juu yake mpaka likashika mkunjo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukilala chini yake tukikutafuta. Magari yote yakiungua leo, kalibu ikiwepo, Mwihaki yupo. Kilonzo anasema wakiipata watafungua kibanda hapa Kinoo na kutengeneza gari moja kwa mwaka, ikibidi. Kwenu ni mbao tu za stoo.

Mjumbe hauawi, ni kweli. Lakini mshenga huulizwa. Waandikie mstari mmoja waturuhusu tuichukue.

Nyakio


Johannesburg,
20 Julai 2004

Dada Nyakio,

Habari za siku nyingi. Nimefurahi kusikia sweta imemfaa mama. Mimi nimehamia nyumba mpya, kuna bustani ndogo. Nimepandishwa cheo mwezi uliopita, nitawaeleza zaidi nikipata nafasi. Msalimie Kilonzo.

Suala la kalibu nimelifuatilia. Ugumu ni kwamba kisheria kila kitu kilichokuwa ndani ya karakana ni mali ya kampuni, na haiwezekani kutoa mali kwa mtu binafsi bila utaratibu. Si mimi ninayeamua. Hata hivyo nimezungumza na wahusika. Wanajenga duka jipya la magari pale Karen, la kisasa sana, na nimependekeza kalibu ipewe nafasi ya heshima pale ndani ili wateja wajue historia. Wamelipokea vizuri.

Nafikiri hilo ni bora kuliko kuiweka kwenye kibanda. Mwambie baba hivyo.

Ndugu yako,
Dan


Kinoo,
15 Agosti 2004

Ndugu yangu Dan,

Salamu. Hongera kwa cheo na kwa bustani. Mama anauliza kama umepanda sukuma wiki au unapanda maua kama wazungu. Ng'ombe anakamuliwa vizuri, na mimi nimepata kazi ya kushona viti vya gereji moja Parklands, si haba.

Leo naandika kwa moyo mwepesi, na kama niliwahi kukukata kwa maneno, nisamehe kidogo. Si sana. Kidogo.

Jumatano Odhiambo alikuja mwenyewe hapa nyumbani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanywa uji, akamkabidhi baba kadi iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu. Tarehe ishirini na nane wanafungua lile duka la Karen, na baba atakuwa mgeni wa heshima. Alipoondoka, baba aliiweka ile kadi mapajani, akasema, "Wakwe wamekumbuka njia." Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Anajua ni wewe uliyesema nao. Amekutaja kanisani, mbele ya watu, kwamba mwanawe ni mshenga anayejua kazi yake. Kilonzo amechonga kigoda kidogo cha kuwekwa kando ya kalibu, ili mtu asiiegemee. Na baba amenunua mbuzi, beberu mweupe. Anasema akifika ataitazama kalibu kwanza. Kama wameiweka kwa heshima, mbuzi atakuwa wa amani, watamla pamoja. Kama hawakuiweka, mbuzi atakuwa wa kurudisha mahari, naye ataomba binti yake arudi. Vyovyote vile anaona siku hiyo atatoka na Mwihaki, iwe machoni au mkononi.

Mungu akubariki.

Dada yako,
Nyakio


Johannesburg,
1 Septemba 2004

Dada mpendwa,

Nimesikia sherehe ilifana! Wamenitumia picha kwa kompyuta. Baba ametoka vizuri sana, na koti lake la harusi, ameshika bega la mbuzi kando ya moto, wakurugenzi wamemzunguka. Itawekwa kwenye jarida la kampuni. Nimeichapisha, nimeiweka kwenye fremu, iko mezani kwangu ofisini. Kila anayeingia namwambia yule ni baba yangu.

Nadhani sasa yale maneno yetu yamekwisha. Niandikie, baba alisemaje?

Ndugu yako,
Dan


Kinoo,
26 Septemba 2004

Dan,

Umeuliza baba alisemaje. Nimekaa na swali lako wiki tatu, maana kila nilipoanza kuandika mkono ulitaka kuandika matusi, na mama alikuwa akichungulia.

Tulifika mapema, mimi, baba na Kilonzo, na beberu wetu nyuma ya pikapu ya jirani. Mlinzi alitusaidia kumfunga pale langoni. Duka ni la vioo vitupu. Ndani kuna magari ya kutoka ng'ambo yamepangwa, makubwa, meupe, hata mlango ukiufunga haulii. Baba alivua kofia akaanza kutafuta. Alitazama mlangoni, akatazama karibu na meza ya wageni, akazunguka nyuma ya maua. Kilonzo alikuwa amekumbatia kigoda chake kama mtu aliyebeba mtoto hospitalini.

Mwishowe baba akamshika Odhiambo mkono. "Mmeiweka wapi?"

"Nini, mzee?"

"Kalibu."

Odhiambo akafikiri. Namwonea huruma mpaka leo, kwa sababu hakuwa akificha kitu. "Ah, zile mbao za store? Store ilikuwa lazima iishe, mzee, contractor alikuwa ametupatia deadline. Tulitoa kila kitu."

Kabla baba hajauliza zilitolewa kwenda wapi, mpiga picha alikuja na wale wakubwa, wakamchukua kwa mikono miwili mpaka nyuma, kwenye nyama. Kulikuwa na moto mkubwa, mpishi amevaa kofia ndefu. Wakampa kiande. Mwenyekiti wenu aliwaeleza wenzake kwa Kiingereza kwamba hiki ndicho kipande cha heshima, baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Wakacheka, wakasimama, picha ikapigwa.

Ndipo baba akatazama chini, kwenye kuni.

Kilonzo aliziona pamoja naye. Kalibu ilikuwa vipande, lakini Kilonzo hawezi kukosea ule mkunjo wa juu ya gurudumu la mbele, na kwenye kipande kimoja kilichokuwa hakijashika moto bado, ule mshale wake wa penseli, aliouchora zamani ili mafundi wajue mbele ni wapi. Ulikuwa unaonekana wazi. Mvule ni mti mzuri, Dan. Huwaka taratibu. Mpishi alikuwa akiusifu kwamba hauna moshi.

Baba hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alikiweka kiande mezani, akafuta vidole kwa leso kimoja kimoja, akasema asante kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, akaanza kutembea. Kilonzo alitaka kuuingiza mkono motoni, nikamvuta. Alikiacha kigoda pale pale. Nadhani nacho kilifuata motoni.

Langoni mlinzi akatukimbilia. "Mzee! Mzee, umesahau mbuzi!"

"Sijasahau," baba akamwambia. "Ni yao. Waambie nimerudisha."

Jumatatu Odhiambo alinipigia simu kushukuru. Wageni walikuwa wengi kuliko walivyotarajia, nyama ikapungua, basi yule beberu akawaokoa. Walimchinja saa ile ile na kumchoma kwenye moto ule ule. Nilimwambia baba, kwa sababu sisi hapa huambiana. Alisema, "Basi kwa mila yote yamekwenda sawa. Mahari imerudishwa, wameipokea, wameila." Akaingia ndani, akalala bila kula, na ilikuwa bado mchana.

Kilichobaki ni binti. Na binti alikuwa chini ya nyama.

Usiniandikie habari za utaratibu. Uliniambia huwezi kutoa kalibu bila utaratibu. Niambie utaratibu wa kuifanya kuni ulitiwa sahihi na nani. Walikujua wewe peke yako kuwa ni mtu wa kuulizwa mambo ya karakana ile. Je, walikuuliza? Na kama walikuuliza, uliwajibu nini? Ulisema nao kweli ule mwezi wa Julai, au uliniandikia tu ili ninyamaze?

Ile picha uliyoiweka mezani kwako, iangalie tena. Baba unamjua, mwache. Angalia moto.

Nyakio


Johannesburg,
5 Desemba 2004

Dada,

Natumaini mama hajambo na goti lake. Huku kuna joto. Bustani imekauka kidogo kwa sababu sikuwepo.

Barua yako niliipata. Picha nimeitoa mezani.

Kuna mabadiliko hapa. Steynmore nayo imenunuliwa, na wakubwa wengine, wa Ulaya. Hawajatuambia watakaobaki. Kila siku watu wapya wanapita ofisini wakihesabu viti. Wameamua jina la Mwihaki litumike kwenye zile pikipiki za magurudumu matatu zitakazouzwa Afrika Mashariki. Nimeona nikwambie mimi kabla hujaziona barabarani.

Nitakuja Krismasi. Nimeshakata tiketi. Niambie nimletee baba nini.

Dan


Kinoo,
16 Desemba 2004

Dan,

Sisi wazima. Mama hajambo. Dume tulimuuza kabla ya Desemba, usituulize bei.

Umeniandikia habari zote, isipokuwa jibu la ule mstari mmoja. Sitakuuliza tena. Sijui kama uliulizwa, sijui kama ulisema ndiyo au ulinyamaza tu, na nimegundua kwamba kwetu sisi mambo hayo mawili yamechoma kuni zile zile.

Baba nimemsomea barua yako. Ile habari ya magurudumu matatu niliiruka, mara ya kwanza katika maisha yangu kuruka mstari, basi nawe ukija usiirudishe. Kilonzo alimjia na wazo kwamba daktari mmoja Parklands bado ana Mwihaki wa zamani, wanaweza kumpima na kuchonga kalibu mpya. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mikono yake sasa ni ya kushikia kikombe. Kilonzo amerudi kwenye milango yake.

Njoo. Baba anasema uje, na usilete kitu. Ila anasema usije kama mshenga, kazi hiyo imekwisha. Uje kama mtoto wa nyumba hii. Kwa kawaida mtoto akitoka mbali huchinjiwa, lakini sisi tangu Agosti hatuchomi nyama hapa, na kuni baba hataki kuziona uani, tunapikia makaa. Utakuta githeri, mahindi na maharagwe.

Kula, upumzike baada ya safari. Baadaye atakuita mkae naye nje, nyinyi wawili. Yeye swali lake halipitii posta.

Dada yako,
Nyakio